Nilikatwa, Alinikata

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani, lakini kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu, kimebandikwa karatasi iliyoandikwa MUATHIRIKA. Fundi cherehani alipoingia na mumewe, watu walisimama kumpisha. Bwana mmoja asiyemjua alikifuta kiti kwa leso yake kabla hajakaa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona nguo za mtaa mzima, na siku zote hizo hakuna aliyewahi kumfutia kiti.

Kamati ya sheria ilikuwa imekuja kukusanya maoni ya wananchi. Tangu mwaka uliopita, mtu akiiba kwa silaha na kujeruhi alifungwa si chini ya miaka ishirini, hakimu apende asipende. Sheria hiyo hiyo ilimpa aliyeumizwa haki ya kusema mahakamani kabla adhabu haijatolewa. Sasa wapo waliotaka ishirini iwe thelathini, na wapo waliotaka hakimu arudishiwe uhuru wake wa kupima. Wa kwanza walikuwa wengi, na ndio waliokuja na mabango.

Mwenyekiti wa chama cha waathirika, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alimsimamisha fundi. "Waonyeshe, dada."

Fundi aliinua mkono wa kulia. Vidole viwili vya katikati vilikuwa vimejikunja kama kulabu, havinyooki wala havifungi.

"Mkono huu," alisema mwenyekiti, "ndio uliowashonea watoto wenu sare za shule. Leo haushiki hata sindano. Aliyemkata ana miaka thelathini na mbili, ana nguvu zake, na wapo humu wanaotaka aonewe huruma!"

Ukumbi ulinguruma. Fundi akasema maneno aliyofundishwa: kwamba hakutaka kisasi, alitaka haki, kwamba mwizi akitoka gerezani, mkono wake yeye hautatoka kifungoni. Akapigiwa makofi hadi akaketi.

Ndipo kinyozi wa kona akanyoosha kidole. "Mimi sitetei wezi. Nimeibiwa mashine mbili. Ninachouliza ni hiki: mmemfunga hakimu mikono. Sasa maelezo ya kesi yakiwa yamekosewa, tena kidogo tu, huyo mtu miaka yake atarudishiwa na nani?"

"Kaa chini!"

"Ngoja yakukute wewe!"

"Muacheni, wezi ni wateja wake!" mwingine akadakia, na watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mume wa fundi, tarishi wa ofisi ya ardhi, mtu ambaye kwa kawaida hacheki hadharani. Fundi hakucheka. Yale maneno "kidogo tu" yalimchoma kama pini iliyosahaulika kwenye upindo wa gauni. Unaikuta pale umeshalivaa.

Pembeni yake alikaa mjane wa mlinzi, mwanamke kijana ambaye mumewe alichomwa visu kwenye geti la ghala alilokuwa akilinda. Kesi yake ilikuwa bado haijasikilizwa. Alimshika fundi goti, akamnong'oneza, "Dada, kabla sijakusikia wewe redioni nilikuwa siwezi hata kumwita marehemu. Nilikuwa nasema 'amesafiri.' Wewe ndiye uliyenifungua mdomo."

Fundi alimpigapiga mkono kwa ule wa kushoto. Alitamani mkutano uishe.

Jumapili mchana, binti yao alikuja kuwaandikia. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na ndiye aliyekuwa na mwandiko unaosomeka. Mwizi alikuwa ameshapatikana na hatia, na hukumu ya adhabu ilikuwa Jumatano. Maelezo ya muathirika yalitakiwa yaandikwe ili mama asije akababaika mbele ya hakimu. Alifungua daftari juu ya meza ya kulia, akavua kofia ya kalamu.

"Anza na kazi," alisema binti.

"Andika kwamba wateja bado wanakuja. Wanaleta vitambaa ili nisijisikie vibaya, halafu wiki ijayo wanavifuata kwa adabu, wanasema sherehe imeahirishwa. Juzi nimemwona mmoja amevaa kitambaa chake. Kimeshonwa kwingine, na mkono umekaa vibaya begani."

Binti alitabasamu kidogo huku akiandika. "Endelea."

"Andika kwamba baba yako ndiye anayenifunga vifungo. Kwamba kuna siku alichelewa, na mimi nikabaki chumbani na gauni wazi mgongoni, na mgeni yuko sebuleni anakunywa chai. Nilikaa kitandani hadi mgeni akaondoka."

Kalamu ilikwenda. Hayo yote yalikuwa kweli, na kila neno la kweli lilimpa fundi nguvu ya kufikia lile jingine.

"Sasa andika: aliponinyang'anya mkasi..."

Kalamu ilisimama. Binti hakuinua uso. "Mama, nimekufunga kidonda hicho siku arobaini na moja."

"Najua."

"Mtu akishambuliwa hujikinga hivi." Alinyanyua mkono mbele ya uso. "Hukatwa huku nje. Wewe umekatwa kwa ndani, vidole vyote vinne, mstari mmoja. Hilo ni jeraha la mtu aliyeshika mwenyewe."

Jikoni mfuniko wa sufuria ulikuwa ukirukaruka kwa mvuke. Hakuna aliyekwenda kuutuliza.

"Umejua tangu lini?" aliuliza fundi.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na hasira naye. Nilitaka afungwe." Binti alifunga kalamu, akaifungua tena. "Nikajiambia mimi ni muuguzi, si polisi. Kila nikibadilisha bandeji najiambia hivyo hivyo. Ilikuwaje hasa, mama?"

Fundi aliueleza mkasa huo akiwa ameukodolea macho mkono wake, kana kwamba alikuwa akiusemea. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, anakata kitambaa cha mwisho. Yule mwizi, mchukuzi wa mizigo, aliingia kama mteja, akanyakua simu iliyokuwa mezani. Fundi alimdaka shati kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikuwa kulia. Akauinua.

"Nilitaka kumchoma. Usinitazame hivyo, nakwambia ukweli. Akanishika kifundo cha mkono, akanisukuma. Nikaangukia meza, mkono ukateleza kutoka kwenye mishikio hadi kwenye makali. Uzito wangu wote ukaja juu yake. Yeye hata hakuona; alishafika barabarani."

"Na polisi?"

"Polisi nilisema nilikatwa na mkasi. Afande akaandika 'alinikata kwa mkasi.' Akanisomea. Nikasikia kabisa tofauti yake. Lakini nilikuwa navuja damu, nikasema ndiyo, andika."

"Na mahakamani?"

"Mahakamani nilikuwa sivuji damu."

Mshtakiwa hakuwa na wakili. Alikuwa amekiri simu tangu siku aliyokamatwa, akakana mkasi. Zamu yake ya kumhoji shahidi ilipofika, aliuliza maswali mawili tu: "Mama, mkasi ulikuwa wa nani?" Fundi akajibu: wangu. "Ulikuwa mkononi mwa nani?" Hapo fundi alimtazama mumewe kwenye benchi. Tarishi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayemhimiza mtoto kuvuka barabara. Fundi akasema: "Alininyang'anya." Mchukuzi akarudi kukaa.

"Kwa hiyo baba naye anajua," alisema binti.

"Baba anajua," ilisema sauti mlangoni. Tarishi alikuwa amesimama na mfuko wa mkate, haijulikani tangu lini. "Na baba anasema andika kama ilivyo kwenye jalada. Yule hakuja kununua sindano. Alikuja kuiba. Asingekuja, mama yako leo angekuwa anashona."

"Miaka ishirini, baba?"

"Hata arobaini!"

"Kwa simu na kumsukuma mtu?"

"Kwa mkono! Nenda ukamvue nguo mama yako, umvishe, umkatie chakula kwenye sahani kama mtoto, halafu uje uniambie ni kwa simu!" Mfuko ulimponyoka, mkate ukabingirika chini ya meza, na mzee alipoinama kuuokota alikawia huko chini kuliko ilivyohitajika.

Kulikuwa na jambo ambalo mkewe hakuwahi kulitaja, na kwa sababu halikutajwa lilikua. Mlango wa duka ulikuwa mzito, wa chuma, na kwa miaka yote hiyo tarishi alipita kila jioni saa kumi na moja na nusu kuufunga pamoja na mkewe. Jioni ile alikuwa nyuma ya ofisi akicheza drafti. Alikuwa ameshinda, akaombwa mchezo mmoja wa marudiano. Kila alipodai mchukuzi aongezewe miaka, alikuwa anaulipia mchezo ule.

Fundi alimwambia binti, "Funga daftari. Hayo uliyoandika yanatosha."

"Ukibadili maneno watakugeuzia kesi wewe," alisema tarishi, bado ameinama. "Uliapa."

"Najua niliapa."

Siku ya hukumu chama kilikuja na fulana za aina moja. Mwenyekiti alimkumbatia fundi mlangoni, akamwambia waandishi wa habari wako nje, aseme taratibu. Mjane alikuwa amemshikia nafasi kwenye benchi. Tarishi alikaa nyuma kabisa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Hakimu, mwanamke mwenye kikohozi, alisema: "Sheria inaniruhusu kukusikiliza kabla ya adhabu. Sema, mama."

Fundi alisoma. Alisoma kuhusu wateja na vitambaa vyao, na kuhusu vifungo. Karani mmoja alijifuta macho. Ukurasa ulipoisha aliukunja, akaendelea kusimama.

"Mheshimiwa, kuna lililobaki. Mkasi haukutoka mkononi mwangu. Hakuninyang'anya."

Mwendesha mashtaka aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena. Hakimu aliweka kalamu chini. "Rudia."

"Hakunikata. Mimi ndiye niliyemwinulia mkasi. Akanisukuma, nikauangukia. Aliiba simu yangu na alinisukuma, na mkono huu haushoni tena. Hayo nataka aadhibiwe. Kunikata, hakunikata."

"Unakumbuka uliapa hapa?"

"Nakumbuka."

"Unaelewa unachojifanyia sasa hivi?"

"Sidhani kama naelewa chote, mheshimiwa."

Kizimbani mchukuzi hakufurahi, hakushukuru. Aliinamisha paji la uso kwenye ubao, kisha akapaza sauti: "Nilisema! Tangu siku ya kwanza nilisema! Miezi minane niko ndani nasema!" Askari akamkalisha. Kabla hajakaa alimgeukia fundi, na fundi, ambaye usiku kucha alikuwa amejiandaa kwa karipio la hakimu, akagundua kwamba hakuwa amejiandaa kwa macho yale. Hayakuwa na msamaha hata punje, na hakuona kwa nini yangekuwa nao.

Mwenyekiti alishatoka. Fulana zilimfuata moja moja. Mjane peke yake alibaki ameketi, akimtazama fundi kama mtu anayetazama nyumba ambayo juzi alilala ndani yake na leo amekuta imebomolewa.

Jalada lilipelekwa mahakama ya juu, likarudi baada ya wiki sita. Mchukuzi alipatikana na hatia ya kuiba kwa nguvu, akapewa miaka mitatu, na miezi aliyokwisha kukaa mahabusu ikahesabiwa. Afande aliyeandika "alinikata" hakuulizwa lolote. Fundi alishtakiwa kwa ushahidi wa uongo, akakiri, akapewa kifungo cha nje: miezi sita ya kufanya usafi kwenye mahakama ile ile.

Redioni walimjadili siku tatu. Mpigaji mmoja alisema yule mama ni shujaa. Mwingine akasema shujaa wa nini, aliyekaa na uongo miezi minane akila sifa? Wa tatu akasema sasa tumejua waathirika wenyewe ni wa kuigiza, sheria ifutwe. Fundi alizima redio hapo. Kinyozi alikuja dukani kumpa mkono wa pongezi. Fundi akampa wa kushoto, akamwomba asije tena kwa jambo hilo. Mwenyekiti hakuja mwenyewe. Alituma mtu kuchukua fulana ya chama na picha walizopiga pamoja, na mtu huyo hakukubali hata kukaa.

Nyumbani tarishi alimfunga vifungo kila asubuhi bila neno. Siku ya tano mikono yake ilisimama kwenye kifungo cha juu.

"Nilikuwa nacheza drafti," alisema nyuma ya shingo yake.

"Najua. Mwenzako aliniambia hospitalini, alidhani utakuwa umeshaniambia."

"Tangu hospitali? Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na langu la kunyamazia."

Alimalizia kifungo. Alibaki amemshika mabega kwa muda, mikono mizito, kisha akaenda kazini. Hawakulizungumza tena, lakini jioni ile alipita dukani saa kumi na moja na nusu, ingawa siku hizo duka lilifungwa saa nane.

Mwezi wa pili wa kifungo chake, kesi ya mlinzi ilianza kusikilizwa. Fundi alikuwa akifagia ukumbi wa nje kwa mkono wa kushoto, mpini ameubana kwapani. Alimwona mjane akipita na shemeji zake. Mjane naye alimwona, akapita.

Milango ilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na sauti ya wakili wa utetezi ilifika hadi nje. "Shahidi, unasema ulimwona mteja wangu akikimbia kutoka getini. Una uhakika, au una uchungu? Naomba mahakama ikumbuke kwamba humu humu, si zamani, muathirika mmoja alilia machozi ya kweli juu ya maneno ya uongo."

Fundi alisimamisha fagio. Alisubiri asikie mjane atajibu nini, lakini jibu lilikuwa la chini mno.

Mapumziko yalipoitishwa mjane alitoka peke yake, akaja moja kwa moja hadi pale penye taka zilizokusanywa.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mdogo wangu."

"Mume wangu alichomwa mara tano. Daktari amehesabu, ameandika, amepiga muhuri. Leo nimeulizwa kama nina uhakika ni yeye niliyemwona, nikamtazama yule wakili, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: nina uhakika?" Alivuta pumzi. "Ninao. Nilimwona. Lakini nilijiuliza, kwa sababu yako."

"Sina la kukuambia. Nisamehe halitoshi."

"Sikulifuata hilo." Mjane alitazama uani, ambako shemeji zake walikuwa wakigawana maji ya chupa. "Siku ile uliposimama na kukunja karatasi, nilijua. Sijui nilijuaje. Na unajua nilifanya nini pale kwenye benchi? Niliomba. Nilimwomba Mungu unyamaze. Yule mtu afungwe ishirini ya bure, ili mimi nije niaminiwe. Hilo nimelala nalo hadi leo, na sijamwambia mtu."

Fundi hakujua aufanye nini mkono wake mbovu. Aliuficha nyuma, akauona upumbavu wa kuuficha, akaurudisha mbele.

Karani alijitokeza mlangoni akaita jina la kesi. Mjane alijifuta uso kwa kiganja, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Mkubwa wako wa kazi yuko wapi?"

"Yule pale, anahesabu ndoo."

"Muage. Uingie ukae benchi la mbele. Huyo wakili bado hajamaliza na wewe. Akikutaja tena, akutaje ukiwepo."

"Watanizomea."

"Watakuzomea," alikubali mjane. "Na mimi nitakuwa nimesimama pale juu, naulizwa. Njoo."

Fundi aliegemeza fagio ukutani, akaomba ruhusa, akaingia.